Pima Kabla ya Kugusa

Fundi aliyekuja nyumbani kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, Mombasa, hakuigusa ruta. Alibisha hodi, akavua viatu, akamwamkia shangazi shikamoo, kisha akaketi karibu na mlango wa chumba cha nyuma na kufungua daftari. Mimi nilikuwa nimeshaleta ngazi na bisibisi, na jibu nilikuwa nalo tayari: tupande kifurushi, tutoke megabiti 20 tuingie 40, mambo yaishe. Binti yule, ambaye sidhani kama amefikisha miaka thelathini, alinisikiliza kwa adabu, akaandika "20" juu ya ukurasa, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, ikikatika hukatika vipi? Picha huganda kwanza au sauti?"

"Picha hukwama, mwanangu. Sauti yaja vipande vipande. Mara nyengine mie nishanyamaza ndipo yeye anisikia."

"Saa ngapi?"

"Baada ya Isha. Mchana si vibaya. Ila Jumamosi, wajukuu wakija, ni balaa."

Shangazi ana binti aliyeolewa Muscat, na simu ya video ya usiku ndiyo inayoifunga siku yake. Kwa wiki tatu simu hiyo ilikuwa imemshinda. Kampuni inayotuletea intaneti ilipigiwa mara mbili, na mara zote jibu lilikuwa moja: tumepima, kasi yenu iko sawa. Lilitukera. Baadaye nilikuja kutambua kwamba halikuwa uongo. Lilikuwa jibu la swali jingine.

Naandika haya kwa sababu ya alasiri moja niliyokaa kumtazama fundi huyo akifanya kazi. Sisi watu wa pwani tunajua kusifu ufundi unaoonekana: mlango ulionakishiwa, kofia iliyodariziwa, jahazi linaloshuka maji kwa mara ya kwanza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini fundi wa mtandao wa nyumbani akimaliza kazi yake hakuna cha kumwonyesha mgeni. Kuna mama anayezungumza na mwanawe bila kukatizwa, basi. Ufundi wa namna hiyo usipoandikwa, utapita bila shukrani.

Fundi mzuri anaanza kwa kulitilia shaka neno lenyewe, "kasi", kwa sababu limebeba mizigo mingi. Kuna upana wa njia, yaani data nyingi kiasi gani hupita kwa sekunde moja. Hupimwa kwa megabiti, na biti nane ndizo baiti moja, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 huleta megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, na filamu ya gigabaiti moja huchukua karibu dakika saba kushuka. Wengi hudhani wameibiwa, kumbe wamelinganisha biti na baiti. Kuna muda wa kwenda na kurudi, yaani pakiti moja ya data inatumia milisekunde ngapi kufika na jibu lake kurejea. Kuna kuyumba kwa muda huo, mara 10, mara 200. Na kuna pakiti zinazopotea njiani. Filamu inataka upana. Mazungumzo hayataki upana mwingi. Sauti ya simu hutosheka na chini ya sehemu moja ya kumi ya megabiti. Kinachoyaua mazungumzo ni kuchelewa na kuyumba. Shangazi alipomweleza kwamba sauti inafika yeye ameshanyamaza, tayari alikuwa amempa fundi nusu ya jibu. Ndiyo maana fundi aliuliza kabla ya kupima.

Kisha akapima. Njia ya intaneti, alinieleza, ina pingili kama muwa: simu hadi ruta, ruta hadi kisanduku cha faiba ukutani, hapo hadi kwenye mitambo ya kampuni, na kutoka kwenye kampuni hadi dunia nzima. Mtu akipima kutoka kitandani kwake, amepima muwa wote kwa pamoja, na namba anayoipata haimwambii pingili ipi imeoza. Kazi ya fundi ni kuukata muwa pingili moja baada ya nyingine.

Alianzia chumba cha nyuma, kwa simu ya shangazi mwenyewe. Akapima mara tatu, kwa seva ile ile iliyo Nairobi, akaandika: 3.8, 4.4, 2.9. Akahamia sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye ruta: 19.1, 18.8, 19.3. Akatoa laptopu yake, akazima Wi-Fi, akaichomeka kwenye ruta kwa kebo: 19.2, 19.2, 19.3. Mara tatu kila mahali, kwa sababu kipimo kimoja kinaweza kudanganya. Seva ile ile, kwa sababu ukibadilisha seva umebadilisha njia. Alinionyesha pia kwa nini vipimo viwili vya kweli vinaweza kutofautiana: Speedtest ya Ookla hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja hadi seva iliyo karibu, wakati Fast.com, ambayo Netflix iliizindua mwaka 2016, hupima kwa seva za Netflix zenyewe. Zote mbili husema kweli, kila moja juu ya barabara yake.

Ruta nyingine zina uwezo wa kujipima zenyewe, na kipimo hicho kina thamani yake, maana kinaondoa Wi-Fi, simu na kebo kwenye hesabu. Lakini fundi alinitahadharisha. Ndani ya ruta kuna kompyuta ndogo, mara nyingi dhaifu, ambayo kazi yake ni kupitisha pakiti. Ukiiambia izizalishe na kuzihesabu yenyewe huku inazipitisha, kwenye njia pana inaweza kuelemewa na kukupa namba ndogo kuliko ukweli. Kwa megabiti 20 hakuna shida. Kwa mtu mwenye megabiti 500, namba ya ruta ichukuliwe kama ushahidi wa shahidi aliyechoka, na itafutwe laptopu nzuri yenye kebo nzuri.

Nikauliza, kebo nzuri ni ipi? Akacheka kidogo na kunieleza juu ya namba 94. Ndani ya kebo ya kawaida ya mtandao mna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Mwendo wa gigabiti moja huhitaji jozi zote nne. Waya mmoja ukikatika, au ukikaa vibaya kwenye plagi, vifaa viwili hukubaliana kimyakimya kushuka hadi megabiti 100, ambazo huhitaji jozi mbili tu. Ukiondoa mzigo wa anwani na bahasha za pakiti, kinachobaki kwenye kipimo ni karibu 94. Mteja aliyelipia megabiti 200 anaona 94, anafika kwa kampuni kugomba, kampuni inapima upande wake na kuona 200, na ugomvi unaendelea kwa miezi, kumbe ni waya mmoja mwembamba uliokunjwa nyuma ya kabati. Fundi mzoefu akiona 94 hazungumzi. Anabadilisha kebo, anapima tena.

Namba zinazomwambia mtu kitu kama hicho ndizo zilizonivutia zaidi. Tabibu wa zamani aliyeshika kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo alikuwa na elimu ya aina hii. Kuna namba ya mwanga pia. Faiba inayoingia nyumbani ni uzi wa kioo, na kampuni huleta data kwa mwanga wa nanomita 1490, ambao jicho halioni. Kwa hiyo usiangalie ncha ya faiba kwa jicho, hata ukiona giza. Nguvu ya mwanga unaofika hupimwa kwa desibeli, nayo huandikwa kwa alama ya kutoa. Ya shangazi ilisoma -19, nzuri. Ikikaribia -27 au -28, kisanduku kinakuwa ukingoni, na pengine ni uzi uliokunjwa kwa nguvu kwenye kona ya ukuta, mwanga ukavujia kwenye kunjo. Kwetu mwanga ulikuwa safi, kebo ilikuwa nzima, na ruta ilikuwa inapata karibu 20 zake zote. Pingili za nje zikaondolewa mashaka. Kampuni ilikuwa imesema kweli.

Ikabaki nyumba.

Nyumba za mawe za Waswahili zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazizidi sana mita tatu, vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine. Wajenzi walitaka baridi na sitara, na walivipata vyote viwili. Hakuna aliyefikiria mawimbi ya redio. Kutoka sebuleni kwa shangazi hadi chumba cha nyuma kuna kuta tatu za namna hiyo. Fundi alifungua programu inayosoma nguvu ya Wi-Fi: sebuleni -48, chumba cha nyuma -81. Katika hesabu ya desibeli, kila tatu zinazopotea zimepunguza nguvu kwa nusu, na kila kumi zimebakisha sehemu moja ya kumi. Tofauti ya 33 maana yake ni kwamba kilichofika kitandani kwa shangazi kilikuwa sehemu moja kati ya elfu mbili za kile kilichokuwa sebuleni.

Ili asiache shaka, alipima pia bila intaneti kabisa. Aliweka programu ya iperf3 kwenye laptopu iliyochomekwa kwenye ruta na nyingine kwenye simu, simu ikatuma data hadi laptopu, ndani ya nyumba tu. Kutoka chumba cha nyuma alipata megabiti tano. Hapo hata mimi nilielewa. Kampuni ingetuuzia megabiti 40 au 400, chumba cha nyuma kingeendelea kupata tano, kwa sababu ukuta hausomi mkataba.

Mtu mwenye haraka angenunua ruta yenye antena nane. Binti yule alijaribu kwanza yasiyo na gharama, moja moja, akipima baada ya kila moja. Aliitoa ruta nyuma ya televisheni, akaipandisha juu ya kabati: -81 ikawa -77. Aliangalia mitandao ya majirani kwenye masafa ya gigahezi 2.4, akahesabu 14, wengi wao wakiwa wamebanana kwenye chaneli ya 6. Katika masafa hayo ni chaneli tatu tu, 1, 6 na 11, zinazoweza kukaa pamoja bila kukanyagana, akatuhamishia 11 ambako palikuwa na watu wachache. Kasi ikapanda hadi saba. Alijaribu masafa ya gigahezi 5, ambayo yana nafasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Chumba cha nyuma hayakufika kabisa. Kila tokeo likaingia daftarini, yaliyofaa na yasiyofaa. Nilipomwambia abadilishe yote matatu kwa mpigo ili tuokoe muda, alijibu, "Kaka, nikibadilisha matatu na pakatengemaa, sitajua kilichotengeneza. Na pakiharibika kesho, nitaanza upya."

Dawa ya ukuta ilikuwa kuukwepa. Akaleta kituo cha pili cha Wi-Fi, akakiunganisha na ruta kwa kebo. Hakutoboa ukuta wa shangazi. Alipitisha kebo uani, kwenye tundu la bomba la zamani lisilotumika tena, akaifunga vizuri mbali na waya za umeme, ikaingia chumba cha nyuma kwa juu ya mlango. Akapima: nguvu -50, kasi 18.9. Nikamshukuru, nikaanza kukusanya ngazi.

"Bado, kaka," akasema. "Mama alisema mchana si vibaya, Jumamosi ni balaa. Ukuta hauna Jumamosi."

Sentensi hiyo sitaisahau. Tulikuwa tumepata hitilafu ya kweli, tumeitibu, na namba zilikuwa nzuri. Fundi wa kawaida angechukua malipo yake na kwenda. Yeye alirudi kwenye maneno ya mgonjwa, akaona yapo ambayo dawa haikuyajibu.

Alifungua dirisha jeusi kwenye laptopu na kuandika amri ya ping. Programu hiyo aliiandika Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, akifanya kazi katika maabara ya jeshi huko Maryland, baada ya kusumbuliwa na mtandao uliokuwa ukifanya mambo yasiyoeleweka. Aliipa jina la mlio wa sonari, kile chombo cha manowari kinachopiga sauti majini na kusikiliza mwangwi. Inafanya hivyo hivyo: inatuma pakiti ndogo, inangoja irudi, inasoma saa. Muuss alipenda kusimulia kisa cha fundi mmoja aliyeifanya kompyuta yake itamke neno hilo kwa sauti kubwa kila pakiti iliporudi, kisha akazunguka jengo zima akitikisa viungo vya kebo kimoja baada ya kingine, hadi sauti iliponyamaza. Hapo ndipo palipokuwa na kiungo kibovu. Zaidi ya miaka 40 imepita, na chombo cha kwanza anachokitoa fundi mkobani bado ni hicho.

Fundi wetu alipiga ping mahali patatu. Kwenye ruta: milisekunde 1. Kwenye seva ya Nairobi: 11. Kwenye seva ya Ulaya: zaidi ya 150. Nikasema ya Ulaya ni mbaya. Akanifundisha kuihukumu kwa haki. Ndani ya kioo mwanga huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hudai milisekunde 10 kwenda na kurudi, na hakuna kampuni iwezayo kupata punguzo juu ya bei hiyo. Mombasa imeunganishwa na Fujairah kwa kebo ya TEAMS tangu mwaka 2009, takriban kilomita 5,000 chini ya bahari, karibu na njia ile ile ya majahazi ya babu zetu. Hata pakiti ikienda moja kwa moja bila kusimama, ni milisekunde 50 kwenda na kurudi. Fundi anayejua hesabu hiyo hapotezi siku nzima kutibu umbali.

Hesabu hiyo ndiyo inayomwezesha pia kujua siku ambayo hitilafu haiko nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kuanzia kwetu hadi Tanzania na Uganda. Siku kama hiyo watu huwasha na kuzima ruta hadi vidole vichoke. Anayejua kupima huona upesi kwamba ruta inajibu, Nairobi inajibu, na tatizo liko ng'ambo. Kituo cha mabadilishano cha KIXP, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 2000, kinawezesha makampuni ya humu nchini kupeana data hapa hapa bila kuzisafirisha nje, na ndiyo maana tovuti za nyumbani zinaweza kuendelea kufunguka wakati za mbali zimekwama. Siku hiyo kazi ya fundi ni kumwambia mteja ukweli na kutomtoza kwa kubadilisha kebo zisizo na kosa.

Sasa fundi wetu akafanya jambo ambalo ndilo moyo wa makala haya. Hakungoja Jumamosi ije. Alijitengenezea Jumamosi yake. Aliiacha ping ya Nairobi ikiendelea kusoma 11, 11, 12, kisha kwa simu yake akaanza kupakia video kubwa kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Namba zikaanza kupanda mbele ya macho yetu: 95, 310, 620, 840. Karibu sekunde nzima kwa pakiti kwenda Nairobi na kurudi. Alipoizima video, zikarudi 11. Akaiwasha tena, zikapanda. Akamwuliza shangazi, "Wajukuu wakija, simu zao hujiunga na Wi-Fi?" Zinajiunga, naam, na zikishajiunga hupakia picha na video zote za wiki nzima bila mtu kuziamuru.

Mtu wa Mombasa haelezwi foleni mara mbili. Fikiria kivuko cha Likoni. Feri hubeba magari kadhaa kwa safari moja, na haibebi zaidi hata ungefanya nini. Sasa chukua mtu anayedhani anasaidia, apanue uwanja wa kungojea ili magari elfu moja yaweze kupanga foleni badala ya hamsini. Feri haijapata kasi. Kilichoongezeka ni muda wa kungoja, na gari la wagonjwa lililofika mwisho liko nyuma ya malori mia tisa. Ndani ya ruta na vifaa vingi mna uwanja kama huo, kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti zinazongoja zamu, na kwa miaka mingi watengenezaji waliupanua kwa nia njema, wakiogopa pakiti kupotea. Pakiti za sauti ya shangazi, ndogo na za haraka, zilikuwa zimekwama nyuma ya malori ya picha za wajukuu.

Ugonjwa huu ulikaa machoni pa wataalamu miaka mingi bila kutambuliwa, kwa sababu vipimo vya kasi viliuficha: malori yote yanavuka, upana uko pale pale, namba ni nzuri. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi mkongwe wa programu, aliukuta nyumbani kwake Marekani alipokuwa akihamisha mafaili makubwa, akaufuatilia kwa vipimo pingili kwa pingili, akaupa jina na kuupigia kelele. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kuutibu: usiangalie foleni ina urefu gani, angalia kila pakiti imengoja muda gani, na ikizidi kiasi, dondosha moja mapema ili anayetuma apunguze mwendo. Dave Täht na wenzake waliifanya kazi hiyo iingie kwenye ruta za kawaida, na kila mazungumzo yakapewa foleni yake, ili gari la wagonjwa lisikae nyuma ya lori. Njia hiyo, fq_codel, iliandikwa rasmi kama waraka wa kiufundi wa intaneti mwaka 2018. Imo ndani ya OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004, na mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa.

Ruta ya shangazi ilikuwa na kipengele cha kupanga foleni, kimelala kwenye ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Fundi alikiwasha, kisha akaweka kikomo cha megabiti 18, chini kidogo ya 19 alizozipima. Nikashangaa: tunalipia 20, kwa nini utupunguzie? Akaeleza kwamba foleni huundwa mahali njia inapobana. Ukiruhusu mwendo wote, itaundwa kwenye vifaa vya kampuni, ambako hatuna amri. Ukijibana mwenyewe kidogo, foleni inahamia ndani ya ruta yako, na hapo unaweza kuipanga. Akaanzisha upakiaji tena, video ile ile, seva ile ile. Ping ikasoma 13, 15, 14, 16.

Kipimo cha kasi sasa kilisema 17.6. Kilikuwa kimeshuka. Na nyumba ilikuwa imepona.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Anayefuata namba asingeweza kamwe kufika hapo, maana dawa ilikuwa upande ambao namba inashuka. Alifika kwa sababu muda wote alikuwa anamfuata mama mmoja anayetaka kumsikia mwanawe. Namba zilikuwa taa yake ya njiani. Safari ilikuwa ya shangazi.

Kabla ya kuondoka alirudia vipimo vyote kuanzia mwanzo, chumba kwa chumba, akavinakili kwenye karatasi safi pamoja na tarehe, chaneli, kikomo alichokiweka na mahali kebo ilipopita. Akambandikia shangazi ndani ya mlango wa kabati. "Ikiharibika, mama, yeyote atakayekuja mwonyeshe hii. Asianze gizani." Hata aje fundi mwingine, hata aje mshindani wake, elimu ya nyumba hiyo imebaki kwa mwenye nyumba. Nimewajua mafundi wengi wanaoficha walichokifanya ili waitwe tena. Huyu alijiamini kiasi cha kuacha kila kitu wazi.

Basi neno langu kwa msomaji ni hili. Intaneti ikikusumbua, usikimbilie kununua kifurushi kikubwa. Pima mara tatu ukiwa mbali na ruta, mara tatu ukiwa karibu nayo, na mara tatu kwa kebo ukiweza. Pima mchana, pima na usiku watu wakiwapo. Pima muda wa kwenda na kurudi njia ikiwa tupu, kisha mtu akiwa anapakia video. Andika. Ukimwita fundi, mpe karatasi hiyo, na akiketi kuuliza maswali kabla ya kufungua mkoba, usimharakishe. Hapo ndipo kazi imeanza. Na ukimlipa, lipia pia zile saa alizozitumia kupima bila kugusa kitu, maana ndizo ulizokuwa ukizihitaji. Kituo cha pili na kebo vilitugharimu pungufu ya kile tulichotaka kuongeza kwenye kifurushi kwa mwaka mmoja. Kifurushi cha shangazi bado ni kile kile cha megabiti 20.